Kamera ya zizini ng'ombe anapokaribia kuzaa

Nilimkuta ndama amekufa saa 11 alfajiri, mwili bado una joto. Alikuwa ametoka mzima, hana kilema, ila utando wa kondo ulikuwa umemganda puani, na mama yake, mtamba wa uzao wa kwanza, hakuwa amemlamba. Kuuondoa utando ule ni kazi ya kidole kimoja. Nilikuwa nimempitia saa 7 usiku nikamkuta amesimama anacheua, nikasema leo bado, nikarudi kulala. Katika saa nne hizo alishikwa na uchungu, akazaa na kumpoteza mtoto wake peke yake gizani.

Msimu uliofuata nikafunga kamera. Mambo kadhaa yalikwenda kombo kabla haijakaa sawa, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza, kwa sababu karibu kila mfugaji anayeniuliza huanza na kamera: ninunue ipi? Mimi humrudisha nyuma kidogo. Kwanza tujue picha itasafiri vipi kutoka zizini hadi kando ya kitanda chako.

Njia ya picha

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa nzuri. Nilipoijaribu mezani picha ilikuwa safi kabisa. Nilipoipandisha zizini, kama mita 80 kutoka kwenye ruta (kile kifaa kinachosambaza mtandao nyumbani), ikawa inaonyesha sekunde kumi, inaganda dakika mbili. Nikaona nimeuziwa kitu kibovu, kumbe kamera haikuwa na kosa. Katikati palikuwa na ukuta wa nyumba na mti wenye majani mengi, na zizi lenyewe limezibwa kwa mabati pande tatu. Mawimbi ya redio hayapenyi bati, huligonga yakarudi. Majani mabichi yana maji, na maji hunyonya mawimbi. Miili ya ng'ombe nayo ni vivyo hivyo, ndiyo maana ukijaribu mtandao mchana zizi likiwa tupu unaweza kuridhika, halafu usiku wanyama wakiwa wote ndani picha ikaanza kukatika.

Waifai ya nyumbani hutumia masafa mawili makuu, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 ina kasi zaidi, lakini ikikutana na kuta huishiwa nguvu mapema. Kwa zizi chagua 2.4. Kasi kubwa huihitaji hata kidogo: picha ya pikseli 1920 kwa 1080 iliyobanwa kwa mfumo wa H.265 hutosheka na megabiti 2 hivi kwa sekunde. La muhimu ni megabiti hizo mbili zifike kila sekunde, usiku kucha.

Kwangu dawa ilikuwa jozi ya antena za kuelekezana. Moja niliifunga nje ya nyumba chini ya ukingo wa paa, ya pili nje ya zizi, zinatazamana kama watu wawili wanaoitana ng'ambo ya bonde. Kutoka antena ya zizini, waya wa mtandao unaingia ndani hadi kwenye kamera, basi bati halina tena la kuzuia. Waya huo unaweza kufika mita 100, na ukinunua vifaa vinavyopeleka umeme kwenye waya huohuo wa mtandao, huna haja ya kuvuta waya wa umeme hadi juu ya boriti. Hakikisha tu kuwa kamera na kifaa kinachoilisha umeme vinafuata kiwango kimoja, maana vipo vinavyotoa volti 24 moja kwa moja na vipo vya volti 48, na kuvichanganya kunaweza kuunguza kamera.

Usiridhike kwa sababu tu unaiona antena ya pili kwa macho. Mawimbi hayapiti kama uzi ulionyooshwa. Njia yake hunenepa katikati kama mtumbwi. Kwa umbali wa mita 300 kwenye gigahezi 2.4, pale katikati njia hiyo hutanuka karibu mita 3 kila upande wa mstari. Tawi lililoota, au trekta lililoegeshwa chini ya mstari, linaweza kukuharibia usiku mzima. Zipandishe antena juu kadiri uwezavyo.

Kabla ya kutoboa hata tundu moja, nenda zizini usiku, ng'ombe wakiwa ndani na milango imefungwa, simu yako ikiwa kwenye waifai ya nyumbani, ujaribu kutazama video. Simu ikikwama pale unapotaka kuweka kamera, usitegemee kamera itapata zaidi.

Kama zizi liko mbali na nyumba na hakuna namna ya kuona upande wa pili, zipo kamera zinazotumia laini ya simu. Zinafaa ikiwa mtandao wa simu ni mzuri ndani ya zizi lenyewe, lakini piga hesabu. Megabiti 2 kwa sekunde ni karibu gigabaiti 21.6 kwa siku. Iache kamera irekodi kwenye kadi yake ya kumbukumbu (ya gigabaiti 128 hubeba karibu siku sita), nawe ufungue dakika chache tu kwa ile picha ndogo ambayo kamera nyingi hutoa sambamba na picha kubwa.

Mahali pa kuifunga

Kamera ni ya kutazama sehemu ya nyuma ya ng'ombe. Kichwa na shingo havitakuambia mengi saa ile. Kama ng'ombe hufungwa wakielekea horini, kamera ikae nyuma yao. Kama wako huru chumbani, ifunge konani, mita 3 hivi kutoka chini, ikitazama sakafu yote. Chini ya hapo watajikuna nayo, na ng'ombe anayejikuna huing'oa.

Kona moja haitoshi. Nilijifunza hili kwa ng'ombe aliyekwenda kulala chini ya kamera kabisa, pale pasipoonekana, akazalia hapo. Kamera mbili za kawaida kwenye kona zinazokabiliana zinafaa kuliko moja ya gharama kubwa. Ukiweza kupata moja inayogeuka na kukuza picha, bora zaidi, kwa sababu saa ikifika utataka kuona kwato zimeelekea wapi.

Usiku kamera huona kwa taa zake za infraredi, yaani mwanga ambao jicho letu karibu haliuoni. Zile zenye urefu wa wimbi wa nanomita 850 hung'aa kwa wekundu hafifu na hufika mbali; za nanomita 940 hazionekani kwa jicho lakini hufika karibu. Kwa zizi 850 ni sawa kabisa, wangu hawajawahi kushtuka. Adui mkubwa wa taa hizo ni buibui. Wadudu hufuata mwanga, buibui hufuata wadudu, na uzi mmoja mbele ya lenzi hurudisha mwanga wote, picha ikawa kama ukungu mweupe. Kila baada ya siku mbili tatu ninafuta lenzi kwa kitambaa laini kilichofungwa kwenye fimbo. Ukuta mweupe au boriti iliyo karibu sana na kamera nayo hurudisha mwanga, na kila kitu cha mbali kikabaki giza.

Picha ya infraredi pia haina rangi. Huwezi kutofautisha ute wa kawaida na damu, na tofauti hiyo ina maana kubwa. Ndiyo maana mimi huacha taa moja hafifu ikiwaka, na huianza wiki moja kabla ili ng'ombe waizoee.

Mengine nitayataja kwa haraka. Hewa kali ya mkojo, yaani amonia, hula shaba ya viungo vya waya, kwa hiyo viungo vyote vifungwe kwa utepe usiopitisha maji, na kamera iwe na kinga dhidi ya vumbi na maji ya kiwango cha IP66 au zaidi. Panya hutafuna waya, uupitishe ndani ya bomba. Usiulaze waya wa mtandao sambamba na waya wa uzio wa umeme, maana mapigo ya uzio huingia ndani yake. Kama unategemea umeme wa jua, kamera ya wati 6 na antena ya wati 5 hutumia karibu wati-saa 264 kwa siku. Betri ya risasi ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100, ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, itakuvusha siku mbili za mawingu.

Neno la siri lililokuja na kamera libadilishe siku hiyohiyo. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, ikazitumia kushambulia mitandao. Zizi lako halina siri, lakini kamera yake iko kwenye mtandao uleule wa simu na kompyuta zako.

Kusoma unachokiona

Zima arifa za mwendo. Ng'ombe hutikisa mkia, husimama, hucheua. Simu italia usiku kucha, na usiku wa tatu utaizima sauti, na huo ndio usiku atakaozaa. Kinachonisaidia ni daftari. Mimba ya ng'ombe huchukua wastani wa siku 283. Ukiwa na tarehe ya kupandishwa, anza kumtazama wiki mbili kabla.

Kila jioni nenda umshike kwa mikono, kwa sababu yapo ambayo kamera haiwezi kukuambia: kano za pande mbili za shina la mkia zimelegea, chuchu zimejaa, joto la mwili limeshuka karibu nyuzi nusu hadi moja. Mikono ndiyo inayoamua ni usiku upi wa kukesha na ni upi wa kulala.

Kwenye picha tazama mkia. Ng'ombe akiuinua na kuuacha umeinuka muda mrefu, akawa analala na kuinuka, anageuka kutazama ubavu, anajitenga na wenzake, hatua ya kwanza ya uzazi imeanza. Huchukua saa mbili hadi sita, kwa mtamba hata zaidi. Usiende. Kamera ilinipa zawadi kubwa kuliko nilivyotarajia hapa: zamani nilikuwa naingia na tochi kila saa, nikidhani namsaidia, kumbe mtu akiingia ng'ombe huacha kushughulika na uchungu wake akaanza kumshughulikia mtu. Tangu niache, naona wanazaa kwa utulivu zaidi.

Mfuko wa maji ukitokea, saa ndiyo inayohesabika. Ukiamka ukaukuta umeshatokea, rudisha rekodi nyuma ujue ulitokea saa ngapi hasa. Ndiyo sababu ninasisitiza kamera irekodi, na saa yake iwe sahihi. Ng'ombe aliyewahi kuzaa akisukuma nusu saa bila hatua yoyote, au mtamba saa moja, ninavaa viatu na kumpigia daktari wa mifugo. Kwato mbili zilizotazama chini na pua juu yake ni kawaida. Nyayo za kwato zikitazama juu, mara nyingi ni miguu ya nyuma. Kwato moja tu, au mkia peke yake, inuka mara moja, usingoje nusu saa yoyote.

Jambo jingine limenipunguzia usiku wa kukesha, nalo halina waya. Ninawalisha wenye mimba kubwa mara moja kwa siku, jioni jua likizama. Wazo la kulisha jioni au usiku hujulikana kwa jina la Gus Konefal, mfugaji wa Manitoba nchini Kanada, aliyegundua kuwa ng'ombe wanaolishwa jioni wengi wao huzaa mchana. Kwangu si wote, lakini ni wengi kuliko awali.

Ndama akishatoka nenda. Futa pua, hakikisha anapumua, paka kitovu iodini, kisha rudi nyuma umwachie mama. Kutoka hapo kamera inaweza kukudanganya kwa jambo moja: ndama anayesukuma pua chini ya kifua cha mama huonekana kama ananyonya. Sikubali hadi niwe nimemwona ameshika chuchu, mkia unacheza, au nimekwenda kutazama kiwele mwenyewe. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, inatakiwa imfikie ndani ya saa chache za mwanzo, maana uwezo wa utumbo wake kupitisha kinga hupungua kila saa na kufikia siku moja umekwisha.

Usihamishe kamera kwa ng'ombe mwingine mapema. Ng'ombe wangu mkubwa, mwenye maziwa mengi kuliko wote, alizaa mchana kweupe bila shida yoyote, na kondo la nyuma likatoka kabla ya usiku. Usiku wa pili niliamka kumtazama mtamba aliyekuwa chumba cha pili, nikafungua picha ya yule mkubwa kwa mazoea tu. Alikuwa amelala kifuani, shingo imejipinda, kichwa kimelalia ubavu. Nilipofika masikio yalikuwa baridi. Ilikuwa homa ya maziwa, kalsiamu imeshuka kwenye damu. Daktari alikuja akamtia kalsiamu polepole kwenye mshipa, na kabla ya mapambazuko alikuwa amesimama. Siku hizi kila aliyezaa hubaki mbele ya kamera usiku tatu kamili.