Kaka anasema mama yetu hakuwa mtu wa kuandikwa

*Shikamoo Shangazi. Mama yetu amefariki miezi mitatu iliyopita hapa Wete, Pemba. Alizaliwa Mtambwe kwa wakulima, akaolewa mjini, lakini shamba hakuliacha mpaka miguu ilipomkatalia. Nataka kuandika maisha yake ili wajukuu wamjue, na niyasome siku ya khitma. Kaka yangu mkubwa hataki. Anasema mama hakuwa mtu wa kuandikwa, na hasa hataki nitaje kuwa alikuwa akiuza makonyo, yale mabua ya karafuu, ingawa ndiyo yaliyotununulia viatu vya skuli. Hatuna picha ya ujana wake, na mwaka aliozaliwa hatuujui. Tena aligombana na mama mdogo juu ya minazi, wakakaa miaka hawasemeshani. Niandike au niache? – Binti wa Wete*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, amnawirishie kaburi lake.

Andika. Usingoje ruhusa ya mtu.

Ila siku ya khitma usisome. Hapo nakubaliana na kaka yako, ingawa sababu yangu si yake. Watu wamekuja kusoma Qur'ani na kumuombea maiti. Tena fikiria nani atakusikiliza: wale waliolima naye, wanaomjua kuliko mimi na kuliko hata wewe, watakuwa uani kwenye masufuria ya pilau, mikono imejaa moshi. Khitma ipite. Halafu chagua usiku mmoja baada ya Ishaa, waite mashoga zake, wale wanawake waliolima naye, na wajukuu, wakae mkekani, ndipo usome. Na hao mabibi wakukatize, wakwambie "sivyo, ilikuwa hivi". Utakuwa na daftari na kalamu.

Sasa hayo makonyo. Nimelisoma neno la kaka yako mara mbili na limeniuma. Sote tuliokulia Pemba tunajua karafuu inavyosifiwa: mwenye shamba anatajwa, mchumaji aliyepanda juu kabisa analipwa kwa pishi na watu wanamsifu. Lakini zikishashuka chini, nani anazichambua usiku kwa taa ya koroboi mpaka vidole viwe vyeusi? Nani anaanika kwenye majamvi asubuhi, na wingu likitanda anakimbia kuanua, kwa kuwa karafuu ikilowa inavunda na kazi yote imepotea? Ni akina mama yako. Konyo ndilo linalobaki karafuu ikishatolewa, na nalo lina bei yake, maana hukamuliwa mafuta. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kimejengwa kwa kazi hiyo. Mama yako alijua thamani ya kitu ambacho wengine walikipita. Elimu ilitangazwa kuwa bila malipo Septemba 1964, lakini viatu havikutangazwa. Liandike hilo kwa herufi kubwa, mwanangu.

Na ukiandika, tafadhali usiniletee "alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, mpenda watu". Kila mama anayezikwa Wete husemwa hivyo, na mjukuu akisoma hatamwona bibi yake hapo. Andika alichokijua. Bonde lake la mpunga lilikuwa wapi, na aliamia ndege na nani? Miyaa ya majamvi aliitoa wapi, na ukindu wa mikeka alitia rangi gani? Nani alimfundisha kusuka ukili, na je, alikuwa na mtindo wake ambao mtu akiuona mkeka tu anasema "huu wa fulani"? Alifukia makumbi pwani ipi? Aliposokota kamba aliimba, au alikuwa mtu wa kimya? Alivukaje kutoka Mtambwe siku alipoletwa mjini kuwa bibi harusi, na mzigo wake ulikuwa nini? Mambo kama hayo hayamo katika cheti chochote, yamo vichwani mwa wanawake wanne watano ambao nao wamezeeka. Ndiyo maana nakuhimiza.

Mwaka wa kuzaliwa usikutie wasiwasi. Waulize kwa matukio. Siku ya Mapinduzi, Januari 1964, alikuwa mtoto wa kubebwa au alikwisha kuvunja ungo? Zilipogawiwa eka tatu tatu za ardhi baada ya Mapinduzi, alikuwa kwao au kwa mumewe? Miaka ya mwanzo ya 1970, chakula kilipokuwa kwa foleni, alikuwa na mtoto wa ngapi, na walikula nini, muhogo au majimbi? Ukishapata majibu matatu utaukaribia mwaka wenyewe. Ukiandika "alizaliwa miaka michache kabla ya Mapinduzi" hujamkosea mtu.

Ugomvi wa minazi ni jambo zito zaidi. Tumefundishwa kuwataja maiti wetu kwa mema, na mama mdogo yu hai. Nani alikuwa na haki si kazi yako kuhukumu, na usiliandike. Lakini usimfanye mama yako malaika. Kama alikuwa mkali wa mali yake, sema alikuwa mkali wa mali yake. Mwanamke aliyelima tangu utoto anajua mnazi mmoja una maana gani mwezi ambao hakuna kitu, na wajukuu wake wanapaswa kulifahamu hilo.

Kaka yako usibishane naye. Ninavyomwona, haoni aibu kwa ajili ya mama. Anaogopa watu wa mjini watamwona yeye mtoto wa shamba. Ndiye mkubwa wenu, kwa hiyo ndiye aliyemwona mama akiwa kijana, na nyinyi wengine hamkumwona. Muulize jambo moja tu, kwa upole, mkiwa peke yenu: mama alikuwaje ulipokuwa na miaka saba? Kisha nyamaza umwache aseme. Atakalolisema liandike, na umwoneshe ulivyoliandika kabla hujamsomea mtu mwingine.

Na picha, mwambie akutafutie kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi cha mama. Uso upo pale, hata kama ni wa uzeeni. Wewe nenda kwa mama mdogo wiki hii, umpelekee chochote mkononi, na swali lako la kwanza liwe la utoto wao Mtambwe, kabla minazi haijatajwa.