Ngazi yetu na kile kiwanja: tujenge kwa ajili ya nani?

SWALI
Mama wa majibu, jambo sana. Niko na miaka 47, nakaa Kadutu, mtaa wa Bukavu kule Kongo, pale njia inapanda kama ukuta. Kwenye avenyu tulichanga feza tukakubaliana kufanya ngazi ya simenti maana wakati wa mvua ule udongo unatuangusha wote, wakubwa kwa wadogo, na juu kabisa kuna kipande cha udongo hakina mwenyewe, kama mita 10 kwa 8 hivi. Vijana wanataka kiwe cha mpira. Mie nikasema tufikirie na wazee, wakacheka, eti wazee wa hapa ni wa kuhesabu kwa vidole. Je, niko na haki ao nasumbua watu bure? Na tufanye nini na hizi feza kidogo?
Papa wa Kadutu

JIBU
Papa, uko na haki kabisa, tena usichoke kuwaambia. Ngazi ya simenti ikitengenezwa vizuri inakaa miaka 30, wewe utakuwa na 77, na ule kijana wa 30 anayecheka leo atakuwa na 60 na ataipanda ile ile ngazi na magoti yake. Mwaka 2007 OMS, lile shirika la afya duniani, walitoa kitabu cha miji inayofaa wazee, waliuliza wazee wenyewe katika miji 33, Nairobi pia ilikuwemo, na wazee waliongelea vitu vidogo kabisa: pa kukaa, choo, njia ya miguu isiyoteleza.

Nikuambie nilichoona kwa macho yangu. Kwetu walikuja watu wa mradi mmoja wakajenga ngazi, ukiiangalia ni nzuri, lakini fundi alifuata mlima vile uko, kwa hiyo kipandio cha chini kabisa kina sentimita 28, kinachofuata 20, kingine 16. Mama yangu mzazi akifika pale anaweka kwanza kikapu juu, halafu anashika jiwe lililotokeza kwenye ukuta wa jirani, ndio anainua mguu. Jirani alipotoa lile jiwe apanue ukuta wake, mama akaacha kushuka sokoni. Hakuna aliyemkataza, jiwe moja tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza, vipandio vyote viwe sawa, fundi apime kila kimoja na mita, sentimita 15 mpaka 17 kwenda juu na 30 za kuweka mguu, maana mguu ukishazoea kipimo ukakuta kingine ndio mtu anaanguka, hata kijana. Kila vipandio 10 acheni pa kupumzikia, papana kiasi cha watu wawili wenye bidoni za maji kupishana. Chuma cha kushikilia kiwe kama sentimita 90 kutoka chini na kisikatikie kwenye kipandio cha mwisho, kiendelee kidogo mbele, pale ndipo mzee anakitafuta. Maji ya mvua yapite pembeni kwenye mfereji wake, yasishuke katikati ya ngazi. Na pakeni rangi nyeupe kwenye ukingo wa kila kipandio, macho ya uzee hayatofautishi simenti na simenti, rudieni kila mwaka mbele ya mvua za mwezi wa 9.

Watawaambia mfanye mteremko wa kigari cha mlemavu. Ni kitu kizuri sana, ila kupanda mita 1 kunataka mita 12 za urefu, na mlima wenu haziko. Ufanyeni juu tu, kutoka barabarani pale pikipiki zinasimama mpaka kwenye kiwanja.

Kiwanja chenyewe msigombanie. Mpira ubaki katikati na viti viwe pembeni vikiangalia mpira, mzee anapenda kuona watu, mkimgeuzia ukuta hatakaa. Kiti kiwe na sentimita 45, kiwe na pa kuegemea na pa kushika ili ainuke bila kuvutwa mkono kama mtoto. Mti upandeni, lakini avoka isiwe juu ya viti, mnajua wenyewe matunda yake yakianguka. Choo ndio kigumu, hapo kaeni na wamama kwanza muulizane nani anashika ufunguo na nani anasafisha, mkikosa jibu msijenge.

Na mbele fundi hajachanganya simenti, fanya hivi, Papa. Chukua chaki, chukua wazee watatu wa avenyu, pandeni nao kutoka sokoni na mizigo yao ya kila siku, kwa mwendo wao. Msiwaulize kama wamechoka, watawaambia hapana. Kila wanaposimama wewe weka alama chini, hata kama wanajifanya kusalimia mtu. Mpe ule kijana anayecheka ndiye abebe chaki. Pale alama zimekutana, ndipo kiti cha kwanza kinaenda, hata kama ni katikati ya njia, mbali na kiwanja.