Kwotabeki mkongwe anayumba: tatizo limo mwilini mwake au liko pembeni yake?

Mkuu, swali lako nililisoma jana usiku nikitoka zamu, sikutaka kulijibu kwa mstari mmoja. Unasema kwenye ligi yako ya fantasi (unachagua wachezaji halisi, na wanachofanya uwanjani ndicho kinakupa pointi) una kwotabeki, yaani mrusha pasi wa futiboli ya Kimarekani, wa miaka thelathini na kitu (jina umelificha kwa kuwa wenzako wa ligi wamo humu), wiki nne mfululizo hajafikisha pointi 12, na kuna jamaa anataka kukupa mkimbiaji wa wastani mbadilishane. Waliotangulia wengi wamekwambia uza, kazeeka huyo. Mimi naona umri peke yake haukwambii kitu. Chunguza jambo moja: kuyumba kwake kunatoka mwilini mwake, au kunatoka kwa watu wanaomzunguka? Msimu wa 2024 nilikosea hapo hapo, na mpaka leo linaniuma.

Ligi yetu ya fantasi ina watu 12, karibu wote tunafanya kazi ghala moja hapa Columbus, Ohio. Tunaruhusiwa kuchezesha makwotabeki wawili, maana yake kila wiki wanahitajika 24, na timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo Marekani, ni 32 tu. Ukiondoa walioumia na walio kwenye wiki ya mapumziko, huokoti mtu wa maana sokoni. Pointi zetu ni za kawaida: kila yadi 25 za pasi ni pointi 1, tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani) ya pasi ni 4, pasi ikinaswa na wapinzani unakatwa 2, na kila yadi 10 za kukimbia ni pointi 1.

Mimi nilikuwa na kwotabeki Kirk Cousins. Alikuwa na miaka 36, kano ya kisigino ilimkatika Oktoba 2023 akiwa Minnesota Vikings, na Machi 2024 timu ya Atlanta Falcons wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 180. Mechi ya kwanza na Steelers alipata yadi 155, tachidauni 1, pasi 2 zikanaswa. Kwetu hizo ni pointi 6.2. Lakini kilichonishtua siku ile hakikuwa pointi. Karibu mechi nzima alikuwa anapokea mpira akiwa amesimama nyuma, mbali na senta (mchezaji anayeanzisha mchezo kwa kumpa kwotabeki mpira). Minnesota huyu mtu alijulikana kwa kuupokea mikononi mwa senta, anawageuzia mabeki mgongo, anajifanya kumkabidhi mkimbiaji, halafu anageuka na kurusha mbali. Kugeuka kule kunataka kisigino kizima. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikajiambia ni mechi ya kwanza tu, atakaa sawa.

Na kweli akakaa sawa, au ndivyo nilivyodhani. Tarehe 3 Oktoba dhidi ya Tampa Bay alirusha yadi 509 na tachidauni 4, moja ikanaswa, wakashinda 36-30 katika muda wa nyongeza. Pointi 34.36. Mchezo ule ndio ulioniponza, kwa sababu tangu hapo kila alipocheza vibaya nilikuwa naukumbuka huo. Baada ya wiki ya 9 alikuwa na tachidauni 17, zilizonaswa 7, Falcons wameshinda 6 na kupoteza 3. Kijana mmoja tunayepakia naye magari akaniletea ofa: nimpe Cousins, anipe Chase Brown, mkimbiaji wa Bengals, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amebaki na kazi yote ya kukimbia baada ya mwenzake Zack Moss kuumia. Nikakataa bila hata kulala nalo usiku mmoja.

Mechi tano zilizofuata Cousins alipata tachidauni 1 na pasi 9 zikanaswa.

Desemba mosi walicheza na Chargers. Nilikuwa mapumziko kazini, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Kuna kitu unakiona ukiacha kuufuata mpira na kumtazama yeye mwenyewe. Kwotabeki mzima akirusha, mguu wa mbele unatua, nyonga inazunguka, ndipo mkono unakuja. Mpira unatoka kama umepigwa kwa manati. Cousins siku ile mguu wa mbele ulikuwa unagusa tu chini kama mtu anayepima maji ya moto, uzito unabaki nyuma, mkono unafanya kazi peke yake. Mpira ukifika kati unapungua kasi. Mpokeaji kashafungua nafasi, lakini anausubiri, na beki naye anafika. Zilinaswa 4. Beki wa Chargers, Tarheeb Still, alichukua mbili, moja akaikimbiza mpaka tachidauni, na Falcons wakafungwa 17-13 katika mechi ambayo ulinzi wao ulicheza vizuri kabisa. Kwangu mimi ilikuwa pointi 9.8 za yadi, toa 8.

Tarehe 17 Desemba akawekwa benchi. Wiki iliyofuata ilikuwa nusu fainali yetu, nikaingia na kwotabeki mmoja. Mwaka 2025 ndipo mwenyewe akaeleza kwamba aliumia bega na kiwiko cha mkono wa kurushia katika mechi ya wiki ya 10 dhidi ya Saints. Sisi huku hatukuwa na habari hiyo, lakini mpira ulikuwa umeshatuambia.

Sasa mlinganishe na Matthew Stafford, kwotabeki wa Rams, msimu ule ule, umri ule ule wa miaka 36. Alianza vibaya, tachidauni chache mno, na mwenzetu mmoja akamtoa kwa mpokeaji wa akiba. Lakini wapokeaji wake wawili wakubwa walikuwa nje: Puka Nacua aliumia wiki ya kwanza, Cooper Kupp wiki ya pili. Ukitazama mechi zake za kipindi kile, mkono ulikuwa mzima, mpira unapita kwenye matundu madogo kama zamani. Hakuwa na wa kumrushia. Oktoba 24 wote wawili walirudi dhidi ya Vikings, na usiku huo huo akapata yadi 279 na tachidauni 4. Yule mwenzetu alikuwa amemuuza kwa bei ya hasara mtu asiyekuwa na ugonjwa wowote.

Kwa hiyo kwotabeki wako mtazame hivyo. Safu inayomlinda ina watu wangapi wa akiba? Wapokeaji wake wanarudi lini? Kama majibu yako huko, usiuze, mimi ningemnunua.

Jambo la pili ambalo watu humu hawaliulizi: nani yuko benchi nyuma yake? Mimi nilimtazama Cousins na mkataba wake, nikaona milioni 180 haziwezi kukaa benchi. Nikasahau kwamba Aprili 2024, wiki chache tu baada ya kumsajili, Falcons walitumia chaguo la 8 la uchaguzi wa wachezaji wapya kumchukua kwotabeki kijana Michael Penix Jr. Timu ikiwa na kijana wa namna hiyo, mkongwe akiyumba mwezi mmoja anahukumiwa haraka. Na katika ligi ya makwotabeki wawili, anayewekwa benchi hashuki thamani kidogo kidogo, anakuwa sifuri siku hiyo hiyo.

La tatu kwa kifupi. Kama wako hakimbii, hana cha kumshikilia siku mkono ukigoma. Kwotabeki Lamar Jackson mwaka 2024 alikimbia yadi 915. Hizo ni pointi 91.5 kabla hajarusha hata pasi moja, zaidi ya 5 kwa kila mechi. Mkongwe wa kusimama nyuma hana akiba hiyo, kila kitu kinategemea kisigino, nyonga na bega.

Ushauri wangu, usijibu ile ofa leo. Jumapili hii mtazame robo mbili za kwanza, na usitazame vipande vya mabao, tazama mechi yenyewe. Angalia pasi za kwenda pembeni, upande wa mbali na alipo, hasa kwenye jaribio la tatu (timu ina manne ya kusogeza mpira yadi 10). Zikifika kabla ya beki, mkatalie jamaa yako na umwambie hapana kwa heshima. Zikianza kuelea, mtumie ujumbe wakati wa mapumziko ya nusu, kabla naye hajaona. Halafu rudi hapa utuambie ule mguu wa mbele ulikuwa unatuaje, hata jina usipotaja.