Nguva na salvinia: swali la ulinganisho lisikupotezee alama

Wadogo zangu mnaoanza baiolojia, kuna siku mtaambiwa mlinganishe nguva, yule mnyama wa baharini anayenyonyesha, na salvinia, lile kangaga (mmea usiotoa maua) la majini lililowahi kusumbua Ziwa Naivasha nchini Kenya, na kutanda bwawa la Kariba kwenye mto Zambezi lilipoanza kujaa baada ya 1958. Wengi huandika "huyu mnyama, huu mmea", kisha hujaza ukurasa kwa damu, maziwa, ukuta wa seli na klorofili. Si uongo. Ila jibu hilo lingefaa hata kwa mbuzi na mchicha, na msahihishaji anajua.

Anzieni pale wanapokutana: mababu wa wote wawili waliishi nchi kavu, kizazi kikarudi majini. Sasa ulizeni kila mmoja amevigeuzaje viungo alivyorithi.

Tazameni mchoro wa mifupa ya pezi la nguva. Mna kiwiko, kifundo na vidole vitano; ni mkono ule ule. Mapafu nayo hayakubadilishwa, ndiyo maana akinaswa na jarife, ule wavu mkubwa wa kuvulia, hufa kwa kukosa hewa.

Salvinia igeuzeni juu chini. Zile nyuzi za kahawia zinazoning'inia, ambazo karibu kila mwanafunzi huziandikia "mizizi", ni jani. Hesabuni kwenye kila pingili: majani matatu, mawili yanaelea, la tatu limechanikachanika na kuzama. Mizizi haina kabisa. Kisha wekeni jani la juu chini ya lenzi. Kila kinyweleo kinagawanyika matawi manne yanayoungana tena nchani, kama kifaa cha kupigia mayai. Hewa hukwama humo, na tone la maji linaviringika bila kulowesha jani.

Kwenye kuzaana ndipo penye alama nyingi. Nguva hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, na hupita miaka kadhaa kabla ya mwingine. Salvinia yetu, kwa jina la kisayansi *Salvinia molesta*, ni tasa: spora zake, yaani chembe za uzazi za kangaga, hazioti. Lakini kipande chenye chipukizi kikinasa kwenye mtumbwi, tayari kimehamia. Kuling'oa gugu hili kwa mikono peke yake ni kujichosha. Aliyefaulu kulipunguza ni fukusi, mdudu mdogo kutoka Brazil, kwao na gugu lenyewe, anayekula machipukizi.

Na tafadhali, msiandike kwamba nguva hula salvinia. Hawaonani: huyu wa maji chumvi, hiyo ya maji baridi. Chakula chake ni nyasi bahari, mimea inayotoa maua. Si kangaga, wala si mwani.