Gari kuzima mbele ya trafiki: jibu kwa mdau anayerudia mtihani wa udereva

Mkuu, umeuliza kwa nini ukiwa na mwalimu unapandisha kilima vizuri tu, ila siku ya mtihani mguu unatetemeka na gari linazima. Na mdau mmoja kakushauri upige kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu asubuhi ile. Nafundisha udereva. Ushauri huo unamfaa dereva mzoefu, wewe bado.

Mwili ukipoa mno unazembea, ukichemka mno unavuruga. Ila mpaka wa "mno" unahama. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuingia kisanduku cheupe. Aliyeingia cheusi alipigwa shoti. Tofauti ya visanduku ilipoonekana wazi, shoti kali ziliwafanya wajifunze upesi zaidi. Ilipokuwa ngumu kuona, shoti ya wastani ndiyo iliyofaa, kali ikawachelewesha. Kazi ikiwa ngumu, presha kidogo tu inatosha.

Kuondoka kilimani kwangu ni kazi nyepesi. Kwako ni mambo matatu kwa mpigo: klachi, mafuta, breki ya mkono. Moyo ukienda mbio, akili inabana, unamwona trafiki na karatasi yake tu. Ule mngurumo wa injini unaoshuka klachi inapoanza kushika huusikii tena, mguu unaruka juu, gari kimya. Halafu kuna walimu wanaofoka hapo hapo, eti wanamwamsha mwanafunzi! Kaamka kupita kiasi tayari.

Usihangaike kujituliza kwa nguvu. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha utafiti mwaka 2014: waliojiambia "nina hamu" kabla ya kuimba au kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia "nimetulia". Lakini dawa ninayoiamini ni kuifanya kazi iwe nyepesi kwa mazoea. Wanafunzi wangu wakishaweza kilima, nawapakia wenzao kiti cha nyuma wapige soga, na gari jingine linakuja kuwapigia honi nyuma. Wanaudhika sana. Wakizoea, trafiki anakuwa abiria tu.

Ukipata leseni utakutana na shida ya kinyume. Barabara imenyooka, jua la mchana, mwili unapoa, na dereva anaanza kutafuta chochote cha kumchangamsha: anaongeza redio, anachokonoa simu, analipita lori ambalo halikuwa likimchelewesha. Ukimuuliza atasema ana haraka. Wengi hawana haraka yoyote, wameboreka. Hapo kahawa inasaidia kidogo, ingawa usingizi wenyewe dawa yake ni kuegesha na kulala.

Kwa hiyo asubuhi ya mtihani kunywa chai yako ya kawaida. Na gari utakalotumia ni la dizeli au petroli? Dizeli huvumilia klachi hata ukikanyaga mafuta kidogo, petroli huzima upesi. Niambie nikuelekeze mguu uutulize wapi.