Hesabu kutoka mlango hadi mlango

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mtu anaweza kutembelea miji sita ya Ulaya kwa treni ndani ya siku 10 bila kurudi nyumbani hoi. Anaweza. Nimeifanya safari ya aina hiyo mara mbili, kwanza vibaya kisha vizuri, na kilichozitofautisha ni ramani.

Mara ya kwanza mimi na rafiki yangu tulichagua miji kwa majina: Amsterdam, Paris, Barcelona, Milano, Wien, Praha. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini Paris hadi Barcelona ni karibu saa 7 hata kwa treni ya mwendo kasi, na kutoka Barcelona hakuna treni ya moja kwa moja ya kwenda Milano. Njiani tuliunganisha treni kwa tiketi mbili tulizokata mbalimbali. Ya kwanza ikachelewa, ya pili ikatuacha, na nauli yake ikapotea. Tungekata tiketi moja ya safari nzima, ingekuwa wajibu wa kampuni ya treni kutufikisha.

Mara ya pili nilikwenda na mama. Ana miaka 61 na goti linalomsumbua, kwa hiyo sikutaka kubahatisha. Nilichora mstari mmoja: kuingia Amsterdam, kutokea Budapest, bila kurudi nyuma. Amsterdam tulilala siku 2, Köln 1, München 2, Wien 2, Budapest 2. Salzburg tuliipitia mchana. Hakuna kipande kilichozidi saa 5 ndani ya treni.

Wengi huhesabu saa hizo za treni peke yake. Amsterdam hadi Köln ni chini ya saa 3, sawa, lakini weka kufunga mizigo, kutoka hotelini, kutafuta jukwaa, kisha kusubiri chumba kifunguliwe huko uendako. Nusu siku imekwenda. Kila unapohama mji, toa nusu siku, ndipo uone ratiba yako imebakiwa na nini. Kwa sababu hiyo nilikubali kulipa zaidi ili kulala karibu na stesheni.

Köln ndiyo inayonifanya niamini safari za haraka. Unatoka mlango wa stesheni na kanisa kuu liko hapo hapo mbele yako, minara yake ina urefu wa mita 157. Ujenzi ulianza mwaka 1248 ukakamilika 1880. Mabegi tuliyaacha kwenye mtambo wa stesheni unaoyapeleka kuhifadhiwa chini ya ardhi, na ukirudi unakuletea begi lako. Mimi nilipanda ngazi 533 za mnara, mama akakaa ndani akiangalia vioo vya rangi, na hakuna aliyemharakisha mwenzake.

Salzburg tuliifanya vivyo hivyo. Tuliondoka München asubuhi, tukaacha mizigo stesheni, tukaona ngome ya Hohensalzburg na nyumba aliyozaliwa mtunzi wa muziki Mozart mwaka 1756, jioni tukaendelea Wien. Pasi ya treni, yaani tiketi moja ya kupanda treni nyingi, huhesabu siku, haihesabu treni, kwa hiyo kituo hicho hakikutugharimu siku ya ziada. Safari nzima ilitosha kwenye pasi ya Eurail ya siku 4 ndani ya mwezi mmoja. Tunaoishi nje ya Ulaya tunanunua Eurail. Interrail ni ya wakazi wa huko. Tiketi za kawaida zikikatwa mapema zinaweza kuwa nafuu kuliko pasi, ila za bei ya chini hukufunga kwenye treni moja. Ukienda Ufaransa, Italia au Hispania, ujue treni za mwendo kasi zinadai ukate siti hata ukiwa na pasi.

Sasa viza, na hapa naomba wenzangu wa Tanzania na Kenya wanisikilize. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Sisi tulitua Uholanzi, lakini Ujerumani, yaani Köln na München, ilikuwa na siku 3, kwa hiyo maombi yalikwenda Ujerumani. Mgeni akibadilisha ratiba baada ya kuomba, anajichanganyia mambo mwenyewe. London nayo ina viza yake, na ukitoka Schengen kwenda huko ukiwa na viza ya kuingia mara moja, huwezi kurudi.

Kitu kidogo: aliyezoea SGR atafika saa nzima kabla. Ujerumani na Austria hakuna geti wala ukaguzi wa mizigo, unapanda na tiketi inakaguliwa ndani. Muda huo tumieni kunywa kahawa.

Budapest tuliiacha bila ratiba. Mama alikaa kwenye maji moto ya Széchenyi saa mbili nzima, goti lake ndani ya maji, kisha akaniuliza Praha ni mwendo gani kwa treni kutoka pale.