Kabla hujampima mtoto akili: kwa mliojiunga juzi

Kila kundi jipya la wapimaji linaanza na makosa yaleyale ya kundi lililotangulia. Someni hapa kwanza, ndipo mfungue sanduku la vifaa.

1. Umri. Alama ghafi haisemi kitu mpaka ilinganishwe na watoto wa rika hilohilo, na majedwali ya WISC, jaribio la akili la watoto, yamepangwa kwa miezi michache michache, si kwa mwaka mzima. Tuseme mtoto kazaliwa 25 Novemba 2017, anapimwa 12 Machi 2025. Anza na siku: 12 toa 25 haiwezekani, kopa mwezi mmoja wa siku 30, 42 toa 25 ni 17. Miezi imebaki 2, toa 11 haiwezekani, kopa mwaka: 14 toa 11 ni 3. Miaka ni 2024 toa 2017, yaani 7. Jibu: miaka 7, miezi 3, siku 17, na hizo siku 17 msizipandishe kuwa mwezi. Aliyetoa miaka peke yake ataandika 8, mtoto apambanishwe na kaka zake, IQ, yaani alama yake ya akili, ishuke bila kosa lake. Tarehe ya kuzaliwa itoke kwenye kadi ya kliniki.

2. Maji. Hapa ndipo mnapotutia uchungu. Jaribio la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, mnalijua: glasi mbili zinazofanana, maji sawa, mtoto akubali kwamba ni sawa, kisha unamimina ya glasi moja kwenye glasi nyembamba ndefu na kuuliza tena. Mtoto wa miaka mitano kwa kawaida atasema ya glasi ndefu ni mengi. Sawa. Ila ninyi mnauliza, "Ipi ina maji mengi?" Swali hilo limeshamwambia kwamba moja imezidi! Ulizeni, "Sasa maji ni sawa, au si sawa?" Kwa mtoto mwingine geuzeni mpangilio, maana wapo wanaorudia neno la mwisho walilolisikia.

Halafu kuna kuuliza mara mbili. Mtoto aliyelelewa kuheshimu wakubwa, mtu mzima akimrudia na swali lilelile, huelewa kwamba jibu la kwanza halikupendeza, naye hulibadilisha kwa adabu tu. Watafiti Susan Rose na Marion Blank waliliona hilo mwaka 1974: watoto walioulizwa mara moja tu, baada ya mabadiliko, walikosea mara chache kuliko walioulizwa mara mbili. Mwaka huohuo James McGarrigle na Margaret Donaldson walimtumia dubu mtukutu wa kuchezea avuruge mistari ya vitu vyenye idadi sawa, badala ya mpimaji. Watoto wengi zaidi walijibu sawasawa, kwa kuwa mvurugaji hakuwa mkubwa mwenye nia yake. Basi mkishauliza, nyamazeni. Jibu likitoka, ongezeni "Umejuaje?" na mwandike maneno yake kama yalivyo. Piaget mwenyewe, akiwa Paris akisahihisha majaribio ya watoto, alivutwa na majibu yaliyokosewa. Ninyi mnaweka alama ya X na kufungua ukurasa unaofuata.

3. "Vizuri sana!" baada ya jibu sahihi tu ni kumvujishia majibu. Sifuni juhudi, kwa sauti ileile, apate au akose.

4. Raven ya rangi, jaribio la kukamilisha michoro, ina maswali 36, seti A, Ab na B, na kwa kuwa haina maneno mnadhani haina utamaduni. Karatasi yenyewe ni utamaduni. Mwanasaikolojia Robert Serpell alipolinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester, wa Lusaka waliongoza katika kuunda vitu kwa waya, wa Manchester katika kuchora kwa penseli, na kwenye udongo wakalingana. Majedwali nayo huzeeka: huko Embu, Kenya, alama za Raven za watoto wa mashambani zilipanda sana kati ya 1984 na 1998, muda ambao jeni haziwezi kuwa zimebadilika. Ukimpima mtoto wa leo kwa jedwali kuukuu, utampandisha bure.

5. Ripotini andikeni lugha iliyotumika, saa, na kama mtoto alikula. Mtoto wa saa sita mchana mwenye njaa si yule wa saa tatu asubuhi.

6. Penseli mbili, zilizochongwa, zisizo na ufutio. Saa ikishaanza kuhesabu, mtoto anayefuta anapoteza sekunde zake mwenyewe.